Omba kalavati, usiombe barabara: namna ya kuingiza kivuko cha kijiji kwenye bajeti ya serikali

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa mtendaji wa kata kwenye milima ya Iringa, huko ambako mvua ikianza mwezi wa kumi na moja haiachi mpaka mwezi wa nne. Barua za kuomba barabara zimepita mezani kwangu nyingi sana, na karibu zote zilisema neno lile lile: barabara yetu ni mbovu, tunaiomba serikali sikivu ituwekee lami. Mhandisi akisoma barua hiyo hana pa kuanzia. Haimwambii ni barabara gani, inakatika wapi, inakatika lini, wala nani anaumia ikikatika. Anaiweka kwenye faili, na faili linafungwa.

Barua zilizoleta fedha zilikuwa tofauti. Ziliomba kitu kimoja, mahali pamoja, kwa jina linalotumika ofisini, na zilifika kabla bajeti haijafungwa. Nitaeleza hapa namna ya kuandaa ombi la namna hiyo la kivuko, yaani kalavati (njia ya maji chini ya barabara) au daraja dogo, kwa Tanzania Bara, ili mwenyekiti wa kijiji, diwani, mwalimu mkuu au kijana yeyote mwenye simu aweze kulisimamia.

Barabara hiyo ni ya nani?

Hili ndilo swali la kwanza, na watu wengi wanaliruka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imezigawa barabara makundi mawili makubwa. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara ulioanza kazi mwaka 2000, na wizara yake ni ya Ujenzi. Barabara za wilaya, yaani zinazokusanya, zinazolisha na zile za jamii, pamoja na za mitaa ya miji, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya TAMISEMI. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, ndiyo maana mpaka leo wapo wazee wanaokwenda kumlaumu mkurugenzi wa halmashauri kwa greda lisilofika. Mkurugenzi hana greda. Meneja wa TARURA wa wilaya ndiye wa kumwona.

Yapo makundi mengine yasiyotajwa sana: njia za ndani ya hifadhi, za misitu ya serikali, za mashamba makubwa ya chai au mbao. Hizo zina wenyewe, na barua iende kwao.

Ukifika ofisi ya TARURA, usianze na malalamiko. Uliza hivi: "Barabara ya kutoka hapa kwenda pale imo kwenye mtandao wa barabara wa TARURA? Namba yake ni ipi, na ina kilomita ngapi?" Mtandao wa TARURA una zaidi ya kilomita 144,000, na kila barabara iliyomo ina namba na taarifa ya hali yake. Kama yenu haimo, fedha za Mfuko wa Barabara haziwezi kuigusa hata mkilia vipi, kwa sababu mfuko huo ni wa barabara zilizoainishwa. Hapo ombi lenu la kwanza liwe la kuingizwa kwenye mtandao, na ombi la matengenezo lifuate. Nimeona kijiji kikisubiri miaka kivuko kwenye njia iliyochongwa na wanunuzi wa mbao, njia ambayo kwa serikali haikuwepo.

Na kama mnataka barabara ya wilaya ipandishwe iwe ya mkoa, safari hiyo hupitia Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti wake, hadi kwa waziri. Ni safari ndefu. Msiichanganye na ombi la kalavati.

Fedha zinatoka wapi, na kwa nini ni vizuri kuomba kidogo

Mfuko wa Barabara uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1998, na unalishwa hasa na tozo ya mafuta. Kila anayeweka petroli kwenye bodaboda anauchangia. Kwa mgao uliozoeleka, asilimia 70 huenda TANROADS na asilimia 30 barabara za wilaya, ingawa hizo za wilaya ndizo ndefu mara kadhaa. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA, na nafuu ilionekana, lakini mahitaji bado ni makubwa kuliko mfuko. Tena sehemu kubwa ya fedha za mfuko, asilimia 90 na zaidi, imekusudiwa matengenezo na dharura. Inayobaki kwa ujenzi mpya ni ndogo.

Sasa fikiria kijiji kinachoomba lami kilomita kumi na mbili. Kinashindana na makao makuu ya wilaya, na barabara ya hospitali, na ya kiwanda. Lakini kwenye hizo kilomita kumi na mbili, kumi na moja zinapitika mwaka mzima kwa namna fulani. Kinachokata mawasiliano ni mto mmoja na mteremko mmoja wa udongo mwekundu. Ukirekebisha hapo pawili, fuso linafika kijijini mwezi wa pili, viazi vinatoka, na mama mjamzito hasukumwi kwenye baiskeli ya matairi matatu kuvuka matope. Hilo ni ombi linaloingia kwenye fungu la mwaka mmoja.

Kwa hiyo jifunzeni majina ya mafungu, kwa kuwa mpango wa TARURA hupangwa kwa majina hayo. Matengenezo ya kawaida ni kufyeka, kuzibua mitaro na makalavati, kuchonga kidogo. Matengenezo ya sehemu korofi ni kutibu pale panaponasa magari, kwa kumwaga changarawe na kuweka mitaro. Matengenezo ya muda maalumu ni kuirudishia barabara changarawe kwa urefu mkubwa. Kuna matengenezo ya madaraja na makalavati. Halafu kuna fedha za maendeleo kutoka serikali kuu, ambazo hujenga vipya. Andika kwenye barua yako unaomba fungu lipi. Mhandisi ataona kuwa umeelewa, na atajua mstari wa kukuweka.

Nenda ukapime

Hapa ndipo ombi linaposhinda au kushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tembeeni barabara yote kwa miguu: mwenyekiti, mtendaji wa kijiji, fundi ujenzi mmoja, dereva au bodaboda anayeipita kila siku, na mwanamke anayeipita na mzigo kichwani. Huyo wa mwisho msimwache. Dereva anaona mashimo, yeye anaona mahali watoto wa shule wanapovushwa mgongoni.

Kila penye shida simameni. Chukueni namba za GPS kwa simu. Simu nyingi zinazo hata pasipo mtandao. Andikeni umbali kutoka njia panda ya barabara kubwa. Pigeni picha, na kwenye picha asimame mtu mzima ili kimo kionekane. Picha ya kiangazi peke yake haisemi kitu, maana mto unaoua mwezi wa tatu unaweza kuwa mchanga mkavu mwezi wa tisa. Mpeni kijana mmoja kazi ya kupiga picha pale pale, akiwa amesimama mahali pale pale, mvua ikinyesha na mvua ikikatika.

Pimeni upana wa mto ukingo hadi ukingo kwa kamba yenye alama. Kisha tafuteni alama ya mafuriko: takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye magogo, kumbukumbu za wazee. "Mwaka ule maji yalifika kwenye jiwe lile" ni taarifa ya kitaalamu ukiipima kutoka chini. Mhandisi anaihitaji ili aamue kama panatosha bomba la milimita 900, au panataka boksi kalavati, yaani kalavati la zege lenye umbo la sanduku, au daraja. Makalavati mengi yaliyosombwa niliyoyaona yalisombwa kwa sababu bomba lilikuwa dogo kuliko mto, maji yakapanda, yakala tuta pembeni, bomba likabaki limesimama peke yake katikati ya shimo.

Fungueni daftari. Tarehe barabara ilipofungwa, saa ngapi, ilifunguka lini, nini kilikwama. Lori la mbolea, gari la chanjo, mtihani wa shule, mgonjwa. Daftari la msimu mmoja lina nguvu kuliko hotuba ya diwani, na nasema hivyo nikiwaheshimu madiwani wote niliofanya nao kazi. Mtu anayetetea bajeti wilayani anataka kitu cha kuonyesha.

Hesabuni vyombo pia: siku ya gulio na siku ya kawaida, alfajiri hadi jioni. Watembea kwa miguu, baiskeli, pikipiki, bajaji, pickup, fuso. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri wakisimamiwa na mwalimu. Idadi ya watu wa ng'ambo chukueni kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Msikadirie, kwa sababu takwimu ikikutwa imeongezwa chumvi, kila kilichoandikwa pembeni yake kinatiliwa shaka. Ongezeni shule, zahanati, ghala la ushirika, na tani za mazao kama chama cha msingi kina vitabu.

Mkutano wa kijiji na kikao cha kata

Ombi lisilopita kwenye vikao ni maoni ya mtu. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hakikisheni ajenda ya kivuko imebandikwa mapema na muhtasari unaandikwa, unasainiwa, na mahudhurio yanaambatishwa. Muhtasari useme mambo matatu bila kuzunguka: kivuko hiki ni kipaumbele cha kwanza, wananchi watachangia nini, na wenye mashamba yanayopakana wanasemaje.

Kuhusu mchango, semeni mnachoweza kweli. Mawe, mchanga na kokoto vilivyosogezwa eneo la kazi ni fedha, na mhandisi anaweza kuvipunguza kwenye makisio. Mahali penye mawe mengi ulizeni kuhusu daraja la mawe. TARURA imejenga madaraja ya mawe sehemu kadhaa, Kigoma ikiwa mfano unaojulikana, na gharama yake huwa chini sana ya daraja la zege na nondo. Kwa kijiji chenye mwamba na mafundi wa kuchonga mawe, hilo linaweza kubadilisha "haiwezekani" kuwa "mwaka ujao".

Kuhusu mashamba, msimalizane kwa mdomo. Kama tuta litapanuka au maji ya mtaro yatamwagwa kwenye shamba la mtu, akubali kwa maandishi mbele ya serikali ya kijiji, na kama anadai fidia ijulikane mapema. Kazi husimama kwa mgogoro wa hatua tano za ardhi, mkandarasi akaondoa mitambo, fedha zikavuka mwaka. Na bustani za ukingoni zizungumzwe hapo hapo: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye mto, na udongo unaolimwa mpaka kwenye maji ndio unaoziba kalavati.

Ombi likitoka kijijini linaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambapo diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu. Hapo kuna mashindano ya vijiji, na ni haki yawepo. Nawasihi madiwani: msipeleke wilayani orodha ya barabara kumi zenye uzito sawa ili kila kijiji kifurahi. Orodha hiyo inampa mtu mwingine, asiyewajua, kazi ya kuchagua. Pangeni moja, mbili, tatu, na muandike sababu ya mpangilio.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Iende kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mkuu wa Wilaya, Mbunge na Diwani. Ipitie kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, na kila ofisi igonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Mnaweza kuanzia na mfano huu:

YAH: MAOMBI YA BOKSI KALAVATI KATIKA MTO ......, BARABARA YA ...... – ...... (Na. ......)

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati ya Maendeleo ya Kata katika kikao cha tarehe ...... imekipa kivuko hiki kipaumbele cha kwanza kwa mwaka wa fedha ....... Kivuko kipo kilomita ...... kutoka njia panda ya ......, GPS ....... Upana wa mto ni mita ......, na alama ya mafuriko ipo mita ...... juu ya sakafu ya mto. Msimu uliopita barabara ilifungwa siku ......, kama daftari lililoambatishwa linavyoonyesha. Ng'ambo kuna wakazi ...... (Sensa ya 2022) na shule yenye wanafunzi ......; zahanati yao ya karibu ipo upande wa pili wa mto. Wananchi wamekubali kusogeza mawe tripu ...... na mchanga tripu ......, na wenye ardhi wameridhia kwa maandishi. Tunaomba wataalamu wako wafike eneo la kivuko, wafanye tathmini na makisio, na kazi hii iingizwe kwenye mpango chini ya fungu la madaraja na makalavati.

Msiandike gharama. Makisio ni kazi ya mhandisi, na kiasi mlichokibuni kikizidi kinaogofya, kikipungua kinawafunga. Ombeni aje. Akishakanyaga pale na buti zake, nusu ya kazi imeisha.

Kalenda

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa mpango na bajeti kama mwezi Novemba. Rasimu za wilaya hupikwa baada ya hapo, zinapita vikao vya halmashauri, ushauri wa wilaya na mkoa, na Bodi ya Barabara, kisha Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili. Mkihesabu kurudi nyuma, mkutano wa kijiji uwe Agosti au Septemba, kikao cha kata kabla ya Oktoba kuisha, na barua iwe mezani mhandisi anapofungua faili la mwaka mpya. Barua ya mwezi wa tatu, wakati watu wamepandwa hasira na matope, imechelewa kwa mwaka unaokuja. Ipelekeni hata hivyo, mkijua inasubiri mwaka wa pili.

Dharura ina njia yake. Daraja likisombwa, taarifa itoke siku ile ile: kijiji kwa kata, kata kwa Mkuu wa Wilaya na TARURA au TANROADS, ikiwa na picha, saa, mahali, watu waliokwama na njia mbadala kama ipo. Mei 2024, baada ya mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya kukata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, kila mtu aliona kwamba hata barabara kuu inaweza kufungwa ghafla. Siku kama hizo wahandisi wanakimbizana na mengi, na taarifa iliyokamilika ndiyo inayofanyiwa kazi kwanza. Wekeni vizuizi na mlinzi pande zote mbili kabla ya jambo lolote. Watu hufa usiku kwenye daraja lililoondoka.

Mbunge naye

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo upo kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge huongoza kamati yake. Unafaa kwa kuunga mkono kazi ambayo wananchi wameianza: saruji, nondo, mabomba. Hautoshi kujenga daraja. Faida kubwa ya mbunge, kwa maoni yangu, ni kwamba ni mjumbe wa Bodi ya Barabara ya Mkoa na anasimama bungeni. Mpeni nakala ya barua, daftari na picha, siyo wimbo wa mapokezi peke yake, ili akisimama awe na namba ya barabara mkononi.

Kama ni kiwanja cha ndege

Hapa nina machache. Viwanja vya serikali, kama Nduli kwetu Iringa, viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, na usalama wa anga unasimamiwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Halmashauri haina fungu la kurefusha njia ya kurukia. Ombi hupitia kamati za ushauri za wilaya na mkoa, na uzito wake ni takwimu: wagonjwa waliosafirishwa, watalii, mazao yanayoharibika haraka kama parachichi, na umbali wa kiwanja kingine. Ambacho kijiji kinaweza kufanya kikasaidia sana ni kulinda mipaka. Msiuze viwanja vya nyumba ndani ya eneo la kiwanja wala kwenye mkondo wa kutua, na mifugo isipite. Kila nyumba inayoongezeka ni fidia inayoongezeka, na fidia husimamisha mradi kuliko ukosefu wa lami.

Baada ya kupeleka

Msiketi. Baada ya Bunge kupitisha bajeti, mtendaji aulize TARURA kama mstari wenu umo: namba ya barabara, aina ya kazi, kilomita ngapi hadi ngapi, kiasi gani. Mkijibiwa "imo", ombeni kuona imeandikwaje. Nimeshuhudia fedha zikienda kwenye barabara sahihi lakini upande usio na mto. Mkizungushwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andikeni kwa adabu, mtapata.

Kama mstari haumo, ulizeni sababu, na barua irudi Agosti ikiwa na daftari la msimu wa pili.

Mkandarasi akipatikana, kamati ya kijiji ihudhurie kukabidhiwa eneo na iombe orodha ya kazi na vipimo: bomba la ukubwa gani, mangapi, mitaro mita ngapi, changarawe unene gani. Vijana na akina mama wa kijiji waulize kuhusu kazi za vikundi, maana sheria ya manunuzi imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, na kufyeka na kuzibua mitaro ni kazi wanazoziweza kabisa. Kazi ikiisha huanza kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12, ambapo kasoro hurekebishwa kwa gharama ya mkandarasi. Kwa hiyo mvua za kwanza zikinyesha, nendeni na simu mkaangalie kama maji yanaingia kalavatini au yanatafuta njia pembeni, na nyufa yoyote au tuta linalobonyea liandikwe kwa barua kwa meneja kabla ya miezi hiyo kwisha.